Waziri Aliyetia Saini Kuwa Baba

Sogeeni, na aliyepata kigoda ambakishie mwenzake nafasi. Kulikuwa na nchi, wala haikuwa mbali. Jogoo wake akiwika, huenda hata nyinyi mmeshawahi kuamshwa naye.

Nchi hiyo ilijaliwa vitu vingi, lakini ilichojaliwa kuliko vyote ni utepe. Hakuna kilichoanza kazi pale kabla ya kukatiwa utepe. Bomba la maji lilikatiwa utepe hata kama maji yenyewe hayajafika. Daraja lilikatiwa utepe ng'ambo hii, mwaka uliofuata likakatiwa ng'ambo ile, na katikati pakabaki mto. Wananchi walikuwa watu wapole. Walipiga makofi kwanza na kuuliza baadaye, na wengi, kwa wema wao, walisahau kuuliza.

Aliyewashinda wote kwa kukata utepe alikuwa Mheshimiwa Lukanda Shibe, Waziri wa Huruma. Machozi yake yalikuwa karibu, nayo yalijua kamera iko upande gani. Kazi yake kubwa ilisimama ndani ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Taifa: Bweni la Mfano la Wasio na Kwao. Lilijengwa kwa ajili ya wanafunzi waliokulia vituo vya yatima na wale wasio na pa kulala. Lilikuwa na vitanda mia mbili, magodoro mapya yakiwa bado ndani ya nailoni, na mapazia ya rangi ya maziwa. Mheshimiwa alilifungua mara tatu, na kila alipomaliza kulifungua alilifunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Bweni hili ni la mfano," aliwaeleza waandishi wa habari. "Mtu akililalia, mfano unaharibika."

Kila Jumatatu kina mama wanne walikuja kufua mapazia ambayo hayakuwa yamechafuka.

Hatua mia mbili kutoka hapo kulikuwa na ukumbi wa mihadhara namba nne, na ndani yake, nyuma ya safu ya mwisho ya viti, ndiko alikokuwa akilala Stumai.

Stumai alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mwaka wa pili, akisomea utunzaji wa kumbukumbu. Alikulia Kituo cha Watoto cha Heri, na kwa kuwa hakuwa na jina la baba aliitwa kwa jina la kituo, Stumai Heri. Alipotimiza miaka kumi na minane alipewa anachopewa kila mmoja wao siku ya kuondoka: blanketi, ndoo na cheti cha tabia njema. Wenzake wa kituo waliofika chuoni, pamoja naye, walikuwa arobaini na wanne. Wengine walilala stoo ya mipira, wengine kwenye makochi ya maktaba, na kijana mmoja mcheshi, Dismas, alikuwa akilala juu ya meza ya tenisi na kudai kwamba ndicho kitanda pekee chuoni chenye wavu wa mbu.

Hawakukosa watu wema. Mzee Pandu, mlinzi wa ukumbi namba nne, alijua fika waliomo ndani. Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango, alikohoa mara tatu huko nje, kisha akangoja kwa kadiri ya mtu kukunja blanketi na kunawa uso. Ndipo akaingia na kusema, "Ah, leo mmewahi darasani." Alisema hivyo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu.

Aliyelala ubavuni mwa Stumai alikuwa Yasinta Heri, mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho. Walikuwa wakila sahani moja tangu hawajaota meno ya pili. Masika moja ukumbi ulipakwa rangi kwa ajili ya wageni, na waliolala humo wakatolewa. Yasinta alilala siku tisa barazani, mvua ikimpiga miguuni, akashikwa na kichomi, akafa akiwa amebakiza mtihani mmoja. Ukisimama kwenye baraza ile unayaona vizuri mapazia ya rangi ya maziwa.

Mheshimiwa Shibe alikuja mazikoni. Alilia kwa upande wa kulia. Mpiga picha mmoja aliyechelewa akamwomba, naye kwa moyo mkunjufu akalia tena kwa upande wa kushoto. Kitabu cha rambirambi hakikuwapo, kwa hiyo mlezi wa kituo akaleta kitabu cha wageni, na Mheshimiwa akaandika humo kwa herufi kubwa. Stumai ndiye aliyeshika birika la kunawisha watu mikono. Alimmiminia Mheshimiwa maji, akimtazama usoni, akaendelea kummiminia mpaka birika likaisha na viatu vya Mheshimiwa vikalowa.

"Inatosha, binti," alisema Mheshimiwa.

"Samahani, Mheshimiwa. Bado," alisema Stumai.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa alitangaza redioni kwamba katika nchi nzima hakuna hata mwanafunzi mmoja asiye na makao. Ili tangazo lisije likawa uongo, chuo kikatoa amri: atakayekuwa hajaleta uthibitisho wa makao ifikapo tarehe thelathini, hapewi namba ya mtihani, na jina lake linafutwa. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Stumai akaenda wizarani. Dirishani alikaa karani mmoja, Mikidadi, mtu mwembamba, mstaarabu, aliyevaa sweta kwenye joto kali kwa kuwa sweta lilikuwa limetajwa katika kanuni za mavazi.

"Naomba nafasi katika Bweni la Mfano," alisema Stumai.

"Lete barua ya mjumbe wa mtaa usikoishi, ithibitishe kwamba huishi hapo."

"Mtaa upi, kaka? Mimi siishi mitaa yote."

"Basi mitaa yote, dada," alisema Mikidadi kwa huzuni. "Iko mia moja na sita."

Stumai akashika njia. Mjumbe wa kwanza alimwambia hawezi kuthibitisha kwamba haishi pale mpaka kwanza awe mkazi. Wa pili alimwandikia vizuri sana, na mkewe akamfungia mihogo miwili katika gazeti, akimwambia, "Chukua, mwanangu, barua hailiwi." Wa tatu alitaka picha ya nyumba asiyonayo. Alipofika kwa mjumbe wa kumi na tisa, tarehe ilikuwa kumi na saba, na miguu imevimba. Akarudi dirishani kuuliza kama kumi na tisa zingetosha.

Mikidadi alimsukumia karatasi iliyokwisha kugongwa muhuri. Iliandikwa: *Ombi limekataliwa. Mwombaji ana baba hai.*

Stumai aliisoma mara mbili. "Baba yangu nani?"

Mikidadi akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha kichwa dirishani. "Mheshimiwa ametangaza hakuna asiye na makao. Sisi tukaambiwa tuhakikishe orodha haina mtu. Wiki nzima tumewatafutia ndugu. Hamna ndugu, dada. Mpaka tulipofungua hiki."

Akampitishia kitabu cha wageni cha Kituo cha Heri. Stumai alikijua, alikuwa akikipangusa vumbi alipokuwa mdogo. Kilikuwa na safu ya tarehe, ya jina, ya cheo, na ya mwisho iliyoandikwa *Uhusiano na watoto*. Wageni wengine waliandika mfadhili, au jirani, au mpita njia. Lakini Mheshimiwa Shibe, kila sikukuu alipokuja kupiga picha na keki, keki ileile aliyoipeleka vituo saba bila kuikata, aliandika: *Baba yao.* Na tarehe ya mazishi ya Yasinta aliandika: *Baba wa marehemu.*

Stumai alipitisha kidole juu ya mstari ule.

"Si wakubwa wote husema hivyo?" aliuliza polepole.

"Husema. Huyu aliandika. Na Kanuni ya Kumi na Moja, aliyoitunga yeye mwenyewe, inasema lililoandikwa na waziri katika kitabu cha kituo cha serikali ni kweli, na litabaki kuwa kweli mpaka waziri huyohuyo alikane Bungeni."

Sasa, huyu binti alikuwa amefundishwa utunzaji wa kumbukumbu, na somo la kwanza kabisa walilopewa ni kwamba kumbukumbu haina utani. Akafunga kitabu kwa upole.

"Kaka Mikidadi, barua hii inaniambia nimekataliwa. Haijaniambia niende wapi."

"Haijakuambia."

"Mwenye baba hai huenda wapi?"

Mikidadi alimtazama. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita: alivua sweta. Akaongeza kwenye barua mstari mmoja kwa taipureta: *Unaelekezwa kuripoti na kuishi nyumbani kwa baba yako.* Akagonga muhuri.

"Mko wangapi?"

"Wengine arobaini na wawili."

Akazipiga zote arobaini na mbili, moja baada ya nyingine, watu wakimsubiri foleni, na hakuomba hata chai.

Asubuhi ya Jumamosi walipanda Kilima cha Viongozi, kila mmoja na blanketi lake, ndoo yake na barua yake. Askari wa getini aliisoma barua ya kwanza, akaona muhuri, akapiga saluti. Hakuwahi kufundishwa kubishana na muhuri.

"Dada Stumai," alinong'ona Dismas njiani, "tumwite Baba au Mheshimiwa Baba?"

"Baba. Vyeo tuwaachie wageni."

Mheshimiwa alikuwa kibarazani akinywa chai na mama yake, Bibi Nyamizi, aliyekuja mjini kutibiwa magoti. Mke wa Mheshimiwa alikuwa ng'ambo akikata utepe. Watoto wakapiga magoti na kuinama, kila mmoja kama alivyofunzwa, wakasema kwa sauti moja, "Shikamoo, Baba. Tumekuja nyumbani."

Mheshimiwa akasoma barua. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, maana bila kifungo hakuweza kuhutubia.

"Wanangu wapendwa. Yaani, wananchi vijana wapendwa. Neno baba lina upana wake. Kuna baba wa nyumbani na kuna baba wa hafla. Kuna ubaba wa damu, na kuna ubaba wa kimkakati, shirikishi, unaolenga kuleta chachu ya matumaini pasipo kulazimu malazi. Mimi nilijitoa, na ninaendelea kujitoa, katika ubaba huo wa pili."

"Lukanda," alisema Bibi Nyamizi.

"Naam, mama."

"Uliandika au hukuandika?"

"Niliandika, mama, ila ilikuwa kwa ajili ya..."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Bibi Nyamizi akaweka kikombe chini. "Mtoto akishatajwa mbele ya watu harudishwi. Wewe nilikuja nawe mgongoni kwa mume ambaye hakukuzaa. Akakutaja mbele ya wazee wanne, akasema huyu ni wangu, na hakulirudia neno hilo tena maisha yake yote, kwa sababu lilitosha. Akakusomesha mpaka ukajua kuandika hayo uliyoyaandika." Akawageukia watoto. "Nani kati yenu hajanywa uji?"

Mikono arobaini na mitatu ikainuka.

Bibi yule, na magoti yake mabovu, aliingia jikoni mwenyewe. Aliuliza kila mmoja anataka sukari kiasi gani, na aliyesema kidogo kwa haya alimwongezea. Stumai alilitia hilo moyoni. Lakini hakuja kwa ajili ya uji.

Kuanzia siku hiyo Mheshimiwa alijua maana ya kuwa na watoto. Kila asubuhi walijipanga ukumbini kumwamkia, mmoja mmoja, kama adabu inavyotaka. Alijibu marahaba arobaini na tatu kabla ya kuvaa viatu, na akimruka mmoja, mama yake alimrudisha kutoka kwenye gari. Jioni waliomba ruhusa: Baba, naomba kwenda maktaba, Baba, nimerudi maktaba. Fomu za chuo zote ziliandikwa *saini ya mzazi*. Alikuwa akisaini mpaka mkono ukawa mzito kuinua mkasi.

Na mezani kila mlo Stumai alitenga sahani moja zaidi, akaweka chakula, akaweka kiti.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Balozi mmoja aliyealikwa.

"Ya Yasinta, shikamoo," alijibu Stumai kwa adabu. "Mtoto wa arobaini na nne. Alilala nje akafa. Baba alitulilia sana. Baba, nikuongeze mchuzi?"

Mheshimiwa aliomba maji. Siku ya pili sahani ilikuwapo. Siku ya tano akaamuru iondolewe. Bibi Nyamizi akauliza ni desturi ya ukoo gani kumnyima marehemu kiti, na sahani ikabaki. Siku ya nane Mheshimiwa alikuwa anakula amesimama jikoni, ametazama ukuta.

Habari zikamfikia Mkuu wa Nchi, naye akafurahi mno. Alitangaza kuwa Mheshimiwa Shibe ni Baba wa Mfano, na kwa kuwa vitabu vinaonyesha aliandika hivyohivyo katika vituo saba, watoto wake waliobaki, mia sita na kumi na wawili, wapelekwe kwake kwa malori siku ya Alhamisi, tarehe thelathini. Mawaziri wengine, ambao nao walikuwa na sikukuu zao na keki zao, walikimbilia vituoni kutafuta vitabu vya wageni. Waziri wa Michezo alikutwa ofisini kwa mlezi akitafuna ukurasa.

Jumanne mchana Mheshimiwa alimwita Stumai bustanini. Koti lilikuwa wazi.

"Binti, tuzungumze kama watu wazima. Nikupe chumba katika bweni. Chako. Kesho. Wewe waambie wenzako wametosheka, waondoke kimyakimya."

"Mimi na nani, Baba?"

"Wewe peke yako. Ufikirie mtihani wako."

Stumai aliufikiria. Aliufikiria kweli, maana zilibaki siku mbili, na alikuwa hajawahi kuwa na chumba. Kisha akatoa karatasi katika daftari.

"Baba, malori yanakuja keshokutwa. Kanuni inakuruhusu kulikana neno lako Bungeni. Nimekuandikia ili usipate shida. Ni sentensi tatu."

Mheshimiwa akasoma. "Hii itaniua."

"Hapana, Baba. Kilichoua ni kichomi. Hii inaaibisha tu."

Jumatano Bunge lilijaa, na redio zote nchini zilikuwa wazi, kwa kuwa ilitangazwa kwamba Baba wa Mfano atatoa neno. Watoto arobaini na watatu walikaa juu, kwenye viti vya wageni. Mzee Pandu alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa nyuma yao na kofia mapajani.

Mheshimiwa akafunga kifungo. "Mimi si baba wa watoto hawa wala wa vituo vyovyote, na niliyoandika katika vitabu ni uongo nilioandika kwa ajili ya picha."

Wabunge wakapiga makofi, kwa mazoea.

"Yustina Heri alilala..."

Stumai akasimama. "Yasinta."

Spika akagonga nyundo. Askari mmoja akamsogelea, akamwona uso, akasita, akabaki amesimama karibu naye kana kwamba ndiye mlinzi wake. Mheshimiwa alitafuta mahali pa kutazama, na kila alipotazama palikuwa na kamera.

"Yasinta," alisema. "Yasinta Heri alilala barazani siku tisa akafa, na hatua mia mbili kutoka alipolala kulikuwa na vitanda mia mbili, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu."

Mbunge mmoja wa nyuma akaanza kupiga makofi. Jirani yake akamshika mikono.

"Nalifungua bweni leo, nami ufunguo nauacha hapa mezani."

Aliutoa. Ulikuwa mdogo kuliko watu walivyodhani.

Mkuu wa Nchi alimfukuza kazi jioni ileile. Hakumfukuza kwa ajili ya Yasinta, wala kwa ajili ya kufuli. Alimfukuza kwa kukiri uongo mahali panaporekodiwa, jambo ambalo lingeweza kuwaponza wengine. Nyumba ya Kilima cha Viongozi ilikuwa ya serikali, kwa hiyo naye akatakiwa kuihama. Bibi Nyamizi alirudi kwake shambani na magoti yake, akiwa amemwombea kila mtoto kwa jina.

Bweni halikukatiwa utepe. Ule wa zamani ulikuwa bado umefungwa mlangoni, na Mzee Pandu aliuvuta kwa mkono kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Mchana kutwa ilisikika sauti ya nailoni ikichanwa. Tarehe thelathini watoto walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya namba za mtihani, wote wakiwa na anwani moja, na malori yalipofika na wale mia sita, waliokuwa na umri wa chuo walishushwa pale na wadogo wakarudishwa vituoni, kila mmoja na andazi mkononi. Maandazi yalikuwa ya kina mama wanne wa mapazia, waliochanga unga wao wenyewe.

Stumai alipata chumba namba kumi na mbili. Siku ya kwanza alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena, akakaa kitandani akilia kwa ajili ya mwenzake.

Wiki tatu baadaye, alasiri, alikuwa na vitabu mezani mlango ulipogongwa.

"Binti yangu," ilisema sauti. "Ni mimi."

Stumai aliijua.

"Kamati inanichunguza. Nahitaji mstari mmoja tu, kwa mkono wako, kwamba mlikula na kulala kwangu siku kumi na moja. Wewe ni msema kweli, watakuamini. Unaujua wema wa nyumba ile."

Aliujua. Wema wa nyumba ile ulikuwa na magoti mabovu na uliuliza kila mtu kuhusu sukari, na barua yake ya shukrani, kurasa tatu, ilikwisha kupelekwa shambani na Dismas. Haikubaki shukrani ya mtu mwingine.

"Mstari mmoja, mwanangu. Sina hata pa kuweka mizigo yangu."

Stumai akafunua ukurasa. Huko nje viatu vilisogea, vikasimama, vikasogea tena. Akagonga mara ya pili, halafu mara ya tatu, kila mara kwa upole zaidi.

Wapo waliosema baadaye kwamba mtoto aliyelelewa vizuri angeinuka akafungua. Huenda. Lakini mtihani ulikuwa kesho saa mbili asubuhi, na aliyekuwa akigonga alikuwa mgeni.